Rangi, Lenzi na Uvimbe wa Milimita 28: Kwa Nini Daktari Hakuchukua Kipande

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58. Kipimo cha kinyesi kilionyesha damu isiyoonekana kwa macho, nikapelekwa kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana. Nimepewa ripoti ya ukurasa mmoja. Inasema: puru, polipi (vinyama vilivyoota kwenye utando) tatu za mm 2 hadi 3, JNET 1, zimeachwa. Sigmoidi (sehemu ya utumbo mpana iliyo juu ya puru), polipi moja ya mm 7, Is, vitundu IIIL, imekatwa na kupelekwa maabara. Utumbo mpana wa kulia, uvimbe bapa unaotambaa, mm 28, umekaguliwa kwa kukuza picha, indigo karimini na kristali vayoleti, vitundu IV na eneo dogo la VI. "Kipande hakijachukuliwa, apelekwe ukatolewe mzima". Kijana wangu amesoma akasema daktari amefanya kazi nusu: vidogo kaviacha, kikubwa hakukigusa, na ile rangi ya zambarau ni sumu. Je, daktari anaweza kujua kwa kuangalia tu, bila maabara? Nirudie kipimo hospitali nyingine?

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa pilikapilika za vipimo.

Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Usirudie kipimo. Unachohitaji sasa ni kwenda kule ulikoelekezwa, ukiwa na ripoti hiyo mkononi pamoja na picha zake. Kwa jinsi alivyoandika, daktari wako alikaa na ule uvimbe wa kulia muda wa kutosha, akauosha, akautia rangi mara mbili, akaukuza, kisha akajizuia kuukata. Huko kujizuia ndiko kunakonifanya nimwamini. Kijana wako ana haki ya kuuliza, ila amewahi mno kuhukumu.

Ili ujue kwa nini, lazima kwanza nikueleze alichokuwa anakitazama.

Utando wa ndani wa utumbo mpana ukiutazama kwa kamera ya kawaida ni laini, wa rangi ya waridi, wenye mishipa myembamba ya damu. Kumbe umetobolewa kila mahali. Ndani yake kuna tezi nyingi mno zilizosimama wima zikipakana, na kila moja inafunguka juu kwa kitundu chake. Kwenye utando wenye afya kitundu ni cha duara, upana wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita, na vyote vimepangana kwa nafasi zinazolingana. Seli za tezi zikianza kuzaliana bila utaratibu, tezi hurefuka, hujipinda, huchipuza matawi, hubanana, na midomo yake huko juu hubadilika umbo. Kwa hiyo anayesoma vitundu anasoma, kwa kutokea juu, mpangilio ule ule ambao mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza nyama ya mwili maabara, angeuona kwenye hadubini baada ya kukata nyama na kuilaza kwa ubavu.

Kudo ndiye aliyetupa lugha ya kuzungumzia vitundu hivi. Shin-ei Kudo, Mjapani, alikuwa akifanya kazi Akita, kaskazini mwa Japani, miaka ya 1980, alipoanza kuonyesha saratani ndogo zilizobonyea, zisizoinuka hata kidogo kama polipi tunazozizoea. Wenzake wengi waliziona kama njozi tu, kwa kuwa wao hawakuwa wakizipata. Hawakuzipata kwa sababu bila rangi na bila jicho linalozitafuta, zinapita tu kama doa jekundu hafifu. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha mpangilio wa aina za vitundu, na huo ndio ulioandikwa kwenye ripoti yako kwa namba za Kirumi.

Aina ya I ni ya utando wa kawaida. Aina ya II ina umbo la nyota, na mara nyingi ni polipi za haipaplastiki, ambazo hazina mwelekeo wa saratani. IIIL ni vitundu vilivyorefuka, na ndiyo sura ya adenoma ya kawaida, yaani polipi inayoweza kugeuka saratani ikiachwa miaka mingi. IIIS ni kinyume chake: vitundu vidogo kuliko hata vya kawaida, vimesongamana. Hiyo huonekana zaidi kwenye zile zilizobonyea, na mimi hunitia wasiwasi hata kama kitu chenyewe kina milimita tano tu, kwa sababu jamii hiyo huchimba chini mapema. Aina ya IV ina matawi, au mikunjo inayofanana na ya ubongo. Ni adenoma iliyokomaa zaidi. Halafu inakuja ya V, ambapo utaratibu umevunjika.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu wagonjwa wengi husoma vibaya. Hiyo VI kwenye karatasi yako si sita ya Kirumi. Ni aina ya tano, na herufi I iliyoongezwa inamaanisha vitundu bado vipo ila havina mpangilio: vingine vipana, vingine vimebanwa, kingo zimekwaruzika. Ndugu yake ni VN, ambapo vitundu vimefutika kabisa, eneo limebaki tupu. Kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa mno kwa maisha ya mgonjwa, na ndiyo maana daktari wako alienda hadi kwenye rangi ya zambarau.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza ute unaoshwa kwa maji, taratibu, maana ukipuliza maji kwa nguvu utando unavuja damu na damu ikishamwagika hakuna kitu utakachokisoma. Wakati mwingine tunatia dawa ya kuyeyusha ute na ya kuondoa mapovu. Kwenye ncha ya kamera kumevalishwa kofia fupi ya plastiki inayopenuka milimita chache, ili lenzi ikae umbali ule ule bila kugusa. Kisha mrija mwembamba unapitishwa ndani ya kamera na indigo karimini inamiminwa juu ya uvimbe. Rangi hii haiingii ndani ya seli. Inatuama kwenye mabonde, inaacha vilima, na ghafla mpaka wa uvimbe ambao ulikuwa wa kubahatisha unaonekana wazi, pamoja na kila sehemu iliyobonyea. Ni hapo wengi tunapogundua kwamba uvimbe tuliodhani una milimita 15 una 25.

Halafu lenzi inasogezwa na picha inakua mara 80 hadi 100 hivi. Kwa ukubwa huo kila kitu kinatikisika. Mgonjwa akivuta pumzi, picha inapotea. Utumbo ukijikunja, picha inapotea. Mapigo ya moyo yenyewe yanaonekana kwenye skrini. Muuguzi huambiwa asishike kitanda. Watu hudhani ugumu wa kipimo hiki uko kwenye kukariri aina za Kudo; ugumu uko kwenye kutulia.

Indigo karimini ikitosha kutoa jibu, tunaishia hapo. Isipotosha, yaani pale vitundu vinapoonekana kuvurugika na hatujui kwa kiasi gani, tunaiosha na kudondosha kristali vayoleti. Hii ni ile ile ambayo wengi wanaifahamu kama GV, dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, ila imezimuliwa sana, karibu asilimia 0.05. Yenyewe inanywewa na seli. Baada ya dakika moja au mbili seli zinakuwa zambarau na midomo ya tezi inabaki myeupe, na hapo unaweza kufuata ukingo wa kila kitundu. Matone machache, juu ya eneo linalotiliwa shaka tu. Hatuwezi kuogesha utumbo mzima kwa rangi hiyo, na hatutaki.

Kuna njia ya tatu isiyotumia rangi ya chupa. Kamera za kisasa zina kitufe kinachochuja mwanga na kubakiza mawimbi mawili, nanomita 415 na 540, ambayo hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, huyafyonza kwa nguvu. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu na uso inajitokeza kwa rangi ya kahawia. Unaitwa mwanga wa NBI, na JNET iliyoandikwa kwenye ripoti yako ni mpangilio uliokubaliwa na wataalamu wa Japani mwaka 2014 wa kusoma mishipa na uso wa polipi kwa mwanga huo ukiwa umekuzwa. JNET 1 ni haipaplastiki na jamaa zake, 2A ni adenoma ya daraja la chini, yaani ambayo seli zake bado hazijabadilika sana, 3 ni saratani iliyokwisha kuchimba chini. Katikati kuna 2B, na hiyo, niseme kwa uaminifu, ni kapu la kila kitu: ndani yake utakuta adenoma ya daraja la juu, saratani changa, na mara nyingine saratani iliyokwenda chini zaidi. Kwa hiyo kitufe kinatosha kwa polipi nyingi, lakini kikileta 2B, aliyezoea kazi hii hunyoosha mkono na kuomba chupa.

Tukishika hayo, tuingie kwenye polipi zako moja moja.

Zile tatu za kwenye puru hazinipi shida yoyote. Milimita mbili au tatu, JNET 1, ziko puru: hizo ni polipi za haipaplastiki ambazo watu wengi wa umri wako wanazo bila kujua. Kuzikata ni kuongeza gharama ya maabara na nafasi ndogo ya kutoka damu bila faida. Mwaka 2011 chama cha wataalamu wa endoskopi cha Marekani, ASGE, kiliweka sharti la kuachia polipi za namna hii, yaani zisizozidi milimita tano kwenye puru na sigmoidi: daktari akisema kwa uhakika "hii si adenoma", awe sahihi angalau mara 90 katika 100. Waliobobea wanafika hapo. Si wote wanaofika. Utafiti wa DISCARD 2 uliofanywa katika hospitali za kawaida za Uingereza ulionyesha kwamba mwanga huo huo wa NBI mikononi mwa madaktari wa kila siku haukufikia kiwango kinachotakiwa. Lakini aliyeandika ripoti yako anakuza picha na anatofautisha IV na VI. Kwake naamini.

Kwenye hilo kuna onyo moja. Lebo ile ile, JNET 1, ingekuwa upande wa kulia wa utumbo, nisingekubali iachwe, hasa ikiwa kubwa. Kule kulia hujificha polipi bapa za jamii ya msumeno, zinazopewa jina hilo kwa sababu tezi zake zikikatwa zina kingo zenye meno. Zina rangi inayofanana na utando unaozizunguka, mpaka wake haueleweki, na mara nyingi zimejifunika ute mzito. Kwa mwanga wa NBI zinaweza kuonekana kama haipaplastiki za kawaida. Rangi na kukuza picha ndivyo vinavyoziumbua, kwa vitundu vya aina ya II vilivyopanuka na kuacha mdomo wazi kwa sababu vimejaa ute. Hizo hugeuka saratani kwa njia yake yenyewe na hukatwa.

Ile ya milimita 7 kwenye sigmoidi haina mjadala. Is maana yake imeinuka bila kikonyo, IIIL maana yake adenoma. Bila shaka imekatwa kwa kitanzi cha waya pamoja na ukingo mdogo wa utando mzima, siku hizi mara nyingi bila umeme. Subiri jibu la maabara, sitarajii jipya.

Sasa ule wa milimita 28.

Ukuta wa utumbo una matabaka. Juu kuna utando wenye tezi. Chini yake kuna tabaka laini, lenye majimaji, ambalo ndani yake hupita mishipa ya damu na ya limfu. Chini ya hapo kuna msuli. Seli mbaya zikiwa bado kwenye utando, hata kama sura yake kwenye hadubini ni ya kutisha, kwa vitendo hazina njia ya kutoka. Zikivuka na kuingia tabaka laini, zinakutana na mishipa ya limfu, na kuanzia hapo kina ndicho kinachoamua. Mpaka tunaotumia ni milimita moja, au kama inavyoandikwa mara nyingi, mikromita 1000. Zikiwa hazijavuka hapo na hakuna dalili nyingine mbaya, uwezekano wa kuwa zimefika kwenye mitoki ni karibu mtu mmoja katika mia, pengine chini ya hapo. Zikivuka, tunazungumzia karibu mtu mmoja katika kumi, na hapo kukata kwa kamera peke yake hakutoshi, mgonjwa anahitaji upasuaji wa kuondoa sehemu ya utumbo pamoja na mitoki yake.

Kwa hiyo swali lililomkalia daktari wako kooni halikuwa "hii ni polipi gani?" tu. Lilikuwa: je, imevuka milimita moja? Na hakuna kipande cha juujuu kinachoweza kujibu hilo. Vitundu vinaweza, kwa kiasi kikubwa. Saratani inapochimba chini kwa wingi, huvunja tezi za juu na kuweka tishu ngumu mahali pake, ndiyo maana vitundu hufutika. VN juu ya eneo lenye mpaka wake, au VI iliyovurugika vibaya sana, humfanya daktari aandike rufaa kwa mpasuaji. Vitundu vikiwa IV vyenye mpangilio, uvimbe una uwezekano mkubwa wa kuwa bado juu. Wako una IV sehemu kubwa na VI sehemu ndogo. Yaani mahali padogo seli zimekwenda mbali zaidi, pengine adenoma ya daraja la juu, pengine saratani iliyoanza kuvuka. VN haijaandikwa.

Ndiyo sababu ya lile neno "mzima". Kitanzi cha waya kinaweza kutoa uvimbe kwa mkupuo mmoja hadi kama milimita 20. Ukizidi hapo hutolewa vipande vipande. Kwa adenoma isiyo na shaka hilo linakubalika. Kwa uvimbe wenye VI si vizuri, kwa sababu ukikata vipande unaweza kupitisha waya katikati ya mahali pale pale ambapo patholojia wanatakiwa kupima kina, na wao wanaletewa nyama zisizojulikana upande gani ulikuwa juu. Kwa hiyo watakuchuna: maji maalumu huchomwa chini ya uvimbe kuuinua, kisha kisu kidogo cha umeme kinazunguka ukingo na kuchuna tabaka laini taratibu hadi uvimbe wote utoke kama bamba moja. Ndani ya maji hayo, mara nyingi, hutiwa tone la indigo karimini ile ile, ili tabaka la kuchunwa lionekane la bluu na msuli mweupe uonekane kabla kisu hakijaugusa. Kazi huchukua saa moja au zaidi. Kutoboka kwa utumbo hutokea kwa wachache, na mara nyingi tundu hufungwa hapo hapo kwa klipu.

Sasa fikiria kama angechukua kipande kama kijana wako anavyotaka. Koleo la kuchukulia lina mdomo wa milimita mbili au tatu. Angebana eneo la IV, jibu lingerudi "adenoma", nanyi mngefurahi bure. Angebana lile la VI, jibu lingerudi "daraja la juu" na tiba ingebaki ile ile. Kwa vyovyote asingejua kina. Alichokuwa na hakika nacho ni kovu. Kila unapobana, tabaka laini linapona kwa kujishikiza kwenye msuli, na wiki chache baadaye anayekuja kuchuna anachoma maji, uvimbe unainuka pembeni, katikati hauinuki. Nimeona uvimbe ambao ungetoka kwa saa moja ukageuka kazi ya mchana mzima kwa sababu ya vipande vitano vilivyochukuliwa kwa nia njema. Vipande huchukuliwa pale ambapo mgonjwa anaelekea kwa mpasuaji, maana huyo anataka uthibitisho kabla ya kisu. Wewe huelekei huko.

Na kama kuna aliyepanga kukuchoma wino wa alama ili uvimbe upatikane tena, wino huo ukae sentimita tatu au zaidi kutoka kwenye uvimbe, wala usiingie chini yake. Nao huacha kovu.

Kuhusu sumu. Kijana hajasema uongo, amekuza tu. Kristali vayoleti kwa dozi kubwa imeonyesha madhara kwa wanyama wa maabara, na mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada ilitoa tahadhari kuhusu bidhaa zake. Wewe umedondoshewa matone machache yaliyozimuliwa, juu ya uvimbe ambao utaondoka na hiyo rangi. Kwangu hilo halina uzito mbele ya faida ya kujua kama unahitaji kupasuliwa au la. Indigo karimini haifyonzwi kwa kiasi cha maana; unaweza kuona kinyesi cha rangi ya bluu siku moja na basi. Ninayoiulizia maswali zaidi ni methilini bluu, ambayo wengine huitumia badala yake. Hiyo hufyonzwa, hufanya mkojo uwe wa kijani, haifai kwa mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), na inaweza kugongana na baadhi ya dawa za sonona. Wewe hukupewa, lakini ukienda kwingine na una lolote kati ya hayo, useme.

Sasa lile swali zito: je, macho yanatosha bila maabara? Kwa polipi za milimita tatu kwenye puru, ndiyo. Kwa zilizobaki, hapana, na daktari wako hakudai hivyo. Ya sigmoidi ameipeleka. Ya kulia itakwenda nzima, itabandikwa kwenye ubao kwa pini, itakatwa vipande vyembamba vya milimita mbili au tatu, na patholojia watapima kina, watatafuta seli ndani ya mishipa, wataangalia kama kingo ni safi. Kama macho yalikosea, pale ndipo patakaposema. Vitundu vinasaidia kuchagua njia ya kukata. Maabara inaamua kama njia hiyo ilitosha. Mtu akikuambia kamera imemaliza kila kitu, au akikuambia kamera si kitu hadi kipande kiende maabara, wote wawili wamekosa.

Siku hizi kuna kompyuta zilizofundishwa kwa picha nyingi, zinazotoa jibu la "adenoma" au "si adenoma" papo hapo kwenye skrini. Zinamsaidia mchanga wa kazi. Haziwezi kuosha ute wala kutuliza mkono, na picha mbovu huzipa jibu bovu.

Kuna mawili ambayo ningemkosoa daktari wako. Ripoti haisemi utumbo ulikuwa safi kiasi gani. Kipimo cha usafi cha Boston huipa kila sehemu ya utumbo alama 0 hadi 3, na tunataka angalau 2 kila sehemu. Bila hivyo hujui kama kingine hakikupitwa. Pia hakuandika kama uvimbe wa kulia una chembechembe juu yake au uso wake ni laini. Zile za uso laini huficha uchimbaji mara nyingi zaidi, na hubadilisha tahadhari ya anayechuna. Mpigie simu au rudi umwulize hayo, ni maswali ya dakika mbili, naye atafurahi kwamba yameulizwa.

Omba picha zote, hasa zile zilizokuzwa za eneo la VI. Ukifika unakopelekwa, uliza kama wao huchuna uvimbe wa upande wa kulia mara kwa mara, maana ukuta wa huko ni mwembamba na si kazi ya kujaribia. Waambie dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, wala usiziache mwenyewe bila kuelekezwa. Tafuta nafasi ndani ya wiki chache, usiache ikafika miezi. Kwa sasa, kwa kuwa polipi moja imeshakatwa, ukiona damu nyingi kwenye haja, maumivu makali ya tumbo au homa ndani ya wiki mbili, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukishachunwa, soma ripoti ya patholojia ukitafuta mambo manne: kina, kingo, mishipa, na daraja la seli. Kina kikiwa chini ya milimita moja, kingo safi, mishipa haina seli na daraja si baya, utarudi kuangaliwa kwa kamera tu, kwa muda watakaokupangia. Ikilazimika kukatwa vipande, kurudi kwa mara ya kwanza ni baada ya miezi 3 hadi 6, na safari hiyo kovu nalo litamiminiwa indigo karimini na kukuzwa, kwa sababu masalia ya milimita mbili kwenye ukingo wa kovu huwezi kuyaona vinginevyo. Ripoti ikisema kina kimevuka, au mishipa ina seli, niandikie tena ukiwa nayo, tuzungumze habari ya mpasuaji.